Mnunuzi Yuko Kasoli

Mwadila, ndugu zangu wa kikundi. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa kifupi, na mke wangu ameniomba niseme kweli, kwa hiyo mtanivumilia.

Mnaijua ile medali ambayo babu alirudi nayo kutoka vita vya Burma. Miaka yote ilining'inia ukutani, inzi ndio walioiheshimu. Shemeji yangu wa Mwanza alipoiona akasema Wazungu wananunua vitu hivi, akaipiga picha na kuiweka kwenye mnada wa mtandaoni. Mimi nilitegemea bei ya kuku. Ndugu zangu, nawaambia, ikafika bei ya mbuzi, ikafika bei ya dume la ng'ombe, na kila nikifungua simu kuna mtu huko Ulaya ameongeza. Nikaanza kutembea nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi.

Nilikuwa natamani trekta dogo la kulimia pamba. Nikaona limeshapatikana, maksai wa nini tena? Nikachinja mmoja, tukafanya sherehe. Msiniangalie hivyo, nyama mlikula.

Sasa sikilizeni ujinga. Mnadani kwetu, ng'ombe wako akishapata wateja, unamweka ndugu yako katikati yao apandishe bei kidogo. Mzee wangu pale nyuma, usiangalie dari, nimeshakuona ukifanya. Basi nikajiandikisha kwa simu yangu kama mnunuzi, nikapandisha. Yule wa Ulaya akajibu. Nikapandisha tena, akajibu. Nikapandisha tena, akanyamaza. Kwetu ungemkimbilia, ukamshika mkono, mkanywa soda, mkaelewana. Huyu ungemshika mkono wapi?

Asubuhi shemeji akanipigia simu. "Shemeji, hongera, imeuzwa. Tena mnunuzi yuko huko huko kijijini kwenu Kasoli. Unamfahamu?"

Nikamwambia namfahamu kidogo.

Wenye mnada wakagundua, wakatufungia akaunti. Wiki ile ile mvua ikanyesha, majirani wote wakaingia shambani, mimi nina maksai mmoja na nira ya wawili. Mke wangu akaitoa medali ukutani, akanivalisha shingoni, akasema, "Haya baba, upande mmoja wa nira uko wazi." Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya zizi nikalia. Pamba ile ndiyo inayosomesha watoto wangu, na kisu nilikishika mwenyewe.

Nikaona aibu kuja hapa. Siku nilipokuja nikasema yote, mwenyekiti wetu alicheka mpaka akashikilia benchi. Kisha akajifuta machozi akasema, "Kesho mchukue maksai wangu." Na kesho yake niliwakuta ninyi shambani na majembe, wale wale mliokula nyama, mkaniambia mmekuja kuirudisha.

Pamba imeota, wenyewe mmeiona. Nawashukuru sana. Kwa vijana nasema hivi: usimchinje anayelima kwa sababu ya anayekuja, na ukiwa muuzaji, kaa upande wa wauzaji.

Babu aliniambia medali hii alipewa kwa sababu hakumkimbia mwenzake aliyeumia. Mwaka huu ninyi hamkunikimbia. Mama mwenyekiti, tafadhali inama nikuvishe.

Ni mpaka kikao kifungwe tu, mama. Mke wangu yuko pale mlangoni, anaisubiri.