Mama Visu, Mpiga Chapa wa Mahakama Aliyependa Sinema za Damu

Ndugu, majirani na marafiki, maisha ya marehemu yameandikwa hapa na mpwa wake, binti wa mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea. Wazee wa familia waliomba sehemu mbili zirukwe. Mdogo wa marehemu alikataa hata kurukwa kwa neno moja, kwa hiyo atakayechoka kusimama atafute pa kukaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa breki na mshona mapazia. Mdogo wake wa kike alimfuata miaka minne baadaye, na wazazi wakaishia hapo. Tangu akiwa mtoto, marehemu alikuwa na kipaji cha kutisha watu. Alimweleza mdogo wake kwamba ndani ya tangi la maji anaishi mtu asiye na midomo, chakula chake vidole vya miguu, na alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Mtoto akawa haendi chooni peke yake hata mchana kweupe. Aliyemsindikiza ni marehemu mwenyewe, akisimama nje na kupiga mluzi muda wote ili mwenzake ajue hajaachwa. Mama yao alimuuliza kwa nini asiziache tu hizo hadithi.

"Akiacha kuogopa hatanihitaji," alijibu. Alikuwa na miaka tisa.

Alisoma shule ya msingi pale pale relini, kisha sekondari ya wasichana alikomaliza kidato cha nne mwaka 1973. Insha zake zilikuwa zinarudi na maandishi mekundu ya mwalimu: "Mbona wote wamekufa?" Alijiunga na chuo cha uhazili, akatoka wa kwanza kwa kasi na kwa usafi wa kazi. Mwaka 1976 aliajiriwa mahakamani kuwa mpiga chapa, na hakuondoka hapo hadi alipostaafu mwaka 2011.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, taipureta ya chuma mezani, vidole vyeusi kwa karatasi za kaboni. Kazi yake ilikuwa kuchapa ushahidi. Kila mauaji ya mji huu yalipita mikononi mwake, nayo yalimkera, si kwa ukatili wake bali kwa upuuzi wake. "Leo mtu kamuua kaka yake kwa ajili ya redio," aliwaambia nyumbani, "na redio yenyewe haina betri."

Mwaka 1983 fundi redio mmoja alifungua chumba cha video nyuma ya duka lake: mabenchi, blanketi dirishani, televisheni moja inayonuka vumbi la moto. Marehemu aliingia Jumamosi moja kukwepa mvua. Siku hiyo zilionyeshwa habari za vijana waliokwenda kupiga kambi kando ya ziwa, na mtu mwenye kinyago aliyewamaliza mmoja mmoja kwa kila chombo kilichokuwa stoo. Mvua ilikatika, yeye hakutoka. Jumamosi iliyofuata alikuwa benchi la mbele, na ile ya baadaye, mpaka wahuni wa mtaa wakambatiza Mama Visu, jina alilolivaa kama cheo.

Mdogo wake alimuuliza mtu mzima anapata nini mle.

"Kazini kwangu mtu anakufa bila kujua kwamba ilikuwa zamu yake," alisema. "Mle ndani unajua. Muziki unakuambia. Unampigia kelele yule msichana, usiingie humo, wewe! Naye anaingia. Chumba kizima kinapiga yowe, halafu kinacheka. Unatoka nje, jua linawaka, una kichwa chako na mikono yako miwili. Nimewahi kwenda kwenye ibada nikatoka na furaha ndogo kuliko hiyo."

"Na ile damu, dada?"

"Ni sharubati na rangi. Watu wazima wamekaa chini wakakoroga sharubati ili mimi nishtuke. Nani mwingine amewahi kunihangaikia hivyo?"

Ni katika chumba hicho alikokutana na mume wake, mpima ardhi, mtu mpole aliyeburutwa na wenzake. Shoka liliposhuka, alificha uso kwenye bega la jirani yake, na jirani alikuwa marehemu. "Fumbua macho, kaka," alimwambia. "Ukifumba unajitengenezea mabaya zaidi." Akafumbua, akaona, akacheka. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, na mwaka 1987 wakajaliwa mtoto wa kiume.

Hapa ndipo wazee walipotaka turuke. Marehemu alikuwa na mchezo wake mezani: alimpangia kila mtu zamu yake ya kufa, kana kwamba nyumba imevamiwa na mwenye kinyago. Mama mkwe aliambiwa siku ya kwanza kabisa, sahani ikiwa bado mkononi, "Wewe mama hufiki hata katikati." Mume alipewa nafasi ya pili, akiwa ameshika tochi isiyowaka. Mdogo wake alikuwa wa kwanza siku zote. "Wewe una tabia ya kurudi kuwafuata wenzako," alimwambia. "Wanaorudi hawabaki." Anayebaki, bila shaka, alikuwa yeye. Mwanawe alielezwa zamu yake kabla hajaanza shule, na taa ya chumba chake haikuzimwa mpaka alipokwenda chuoni. Mume alivumilia, akavumilia, mwaka 1992 akabeba darubini yake ya kupimia viwanja na begi moja. "Siwezi kula kila siku na mtu anayenichagulia kifo," alisema mlangoni. Marehemu akamjibu kwamba akiondoka peke yake atakufa mapema zaidi.

Sehemu ya pili ambayo wazee walitaka tuiruke ni ya tarehe 22 Agosti 1994. Jua lilikuwa halijazama. Mdogo wake alikuja kumtembelea akiwa na mimba ya miezi saba. Aliyekuwa tumboni ndiye anayewasomea. Walikuwa wanatazama kanda, mtoto wa marehemu yuko kwa majirani. Mtu mwenye panga akaingia kwa mlango wa jikoni. Marehemu hakupiga yowe. Aliinuka, akaingia stoo, akajifungia. Mdogo wake akamfuata, akaukuta mlango umebanwa.

"Dada, fungua! Dada, ni mimi!"

Alikatwa bega, kisha mkono wa kushoto, vidole viwili vikabaki sakafuni. Jirani mchomea vyuma alisikia kelele. Mwanzoni alidhani ni za kwenye video, kwa kuwa nyumba ile haikukosa kelele. Alipogundua si hizo alikuja na nondo, na mwizi akatoka mbio na deki ya video kwapani. Marehemu akafungua. Alimtazama mdogo wake pale chini, akatazama meza ya televisheni.

"Wamechukua deki?" aliuliza.

Kisha akachana gauni lake, akaufunga mkono ule vizuri, akampakata mgonjwa mapajani njia nzima mpaka hospitali. Hayo pia ni kweli, na yameandikwa kwa sababu ni kweli.

Mwizi alikamatwa, kesi ikasikilizwa mwaka uliofuata. Mpiga chapa mwingine alikuwa likizo ya uzazi. Hakimu alimuuliza marehemu kama ataweza kuuchapa ushahidi wa mdogo wake, akasema kazi ni kazi. Mdogo wake alisimama kizimbani akaeleza: niligonga, dada yangu alikuwa ndani, hakufungua. Marehemu alichapa. Hakimu alipousoma ukurasa, alimtazama juu ya miwani.

"Hii ni sahihi?"

"Hakuna kosa hata moja, Mheshimiwa."

Miaka ikapita hawasemeshani. Mwaka 2003 mdogo wake alifiwa na mume, akarudi kwa dada yake akiwa na binti yake na masanduku mawili, kwa sababu hakuwa na kwingine. Marehemu alisogea kwenye kochi kumpisha akae, akarudisha kanda mwanzo. Tangu siku hiyo walitazama pamoja. Mdogo wake, ambaye zamani alikuwa akijifunika kanga, sasa ndiye aliyezipenda zaidi. "Ukishaonja panga la kweli," alisema, "hili la sharubati linakukanda mgongo."

Mwishoni mwa mwaka 2018 marehemu aligundulika na saratani ya kongosho. Mdogo wake alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani kwa mkono mzima na mkono wenye vidole vitatu. Mchana mmoja, picha ikiendelea, alimuuliza bila kumtazama:

"Siku ile ulinisikia nikigonga?"

"Nilikusikia vizuri sana. Nilishika kitasa kwa mikono miwili. Ungeingia, naye angeingia."

"Nilikuwa na mimba."

"Nilijua."

"Na leo ungefungua?"

Marehemu alifikiri. Familia inapenda ijulikane kwamba alifikiri kwa muda mrefu.

"Leo sina nguvu ya kushika kitasa," alisema.

Mdogo wake aliinuka, akamgeuzia mto upande wenye ubaridi.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019, asubuhi, mdogo wake alikuwa uani akianika nguo. Alisikia akiitwa kwa sauti ya kukata roho. Alitupa beseni, akakimbia, akaingia na mikono inayochuruzika maji. Marehemu alikuwa ameegemea mto, ananyoosha kidole kwenye televisheni, machozi ya kicheko yanamtoka. "Njoo uone! Mjinga huyu badala ya kutoka nje anapanda ngazi!"

Mdogo wake alirudi uani, akaokota nguo mavumbini, akazisuuza upya. Akaitwa tena. Alisikia. Alianika shati, akaanika taulo, akabana kila kimoja kwa kibanio, akamwaga maji. Alipoingia, marehemu alikuwa amekwisha fariki, na kwenye televisheni yule msichana wa ngazini alikuwa bado anapanda.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, mwana mmoja ambaye ni fundi wa lifti, aliyefika leo asubuhi na atakayeondoka leo jioni, mpwa mmoja, na aliyekuwa mume wake, ambaye ametuma shada la maua. Mungu ampumzishe marehemu kwa amani, ile ambayo yeye alitunyima sisi, na amjalie mdogo wake usingizi.