Mkato wa Karani

Benchi lile lilikaa kati ya kibanda cha Wembe, kinyozi, na dirisha la Fundi Redio, pale konani ambapo mabasi ya mpakani hugeuza. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo mtu akisimama ghafla wenzake wanayumba, kahawa inamwagika, na kelele zinaanza. Mwisho wa benchi alikaa Mzee Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye lori aliliacha lakini mdomo aliondoka nao. Kahawa iliuzwa na Shangazi, asiye shangazi wa yeyote pale, ila haki ya kumgombeza kila mtu alijipa mwenyewe. Siku nyingine Wembe ndiye angekuwa wa kwanza kuchokoza wenzake. Mchana ule alikaa kimya, simu mkononi, kikombe kimepoa.

— Weka tena tusikie, alisema Fundi Redio.

— Nimeiweka mara ngapi, Fundi?

— Wewe weka. Masikio ndiyo kazi yangu.

Wembe akabonyeza. Ilitoka sauti ya mdogo wake, Kiberiti, msanii wa rap anayejulikana mtaa mzima, aliyepanda basi asubuhi kwenda kutumbuiza ng'ambo ya mpaka. Alikuwa anaongea chinichini, kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja.

"Kaka, wananiambia nimeshapita. Nawaambia ndiyo kwanza nafika, wanasema hapana, wewe umeshapita leo, tumekuona. Sasa wananipeleka kwenye kile chumba. Mama usimwambie."

Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

— Na kwenye basi wameshushwa wangapi? aliuliza Mzee Breki.

— Yeye tu. DJ wake amepita. Ndiye aliyenipigia.

— DJ yule ambaye mama yake ni wa kule?

— Huyohuyo. Ana rangi yao. Wamebeba mabegi ya aina moja, viatu vya aina moja, hata kofia wanaazimana. DJ kaambiwa karibu sana. Mdogo wangu kaambiwa simama hapo.

— Mbona hilo halina siri, alisema Mzee Breki. Mimi ule mpaka nimeupita mpaka nikauchoka. Ukiwa mweusi, mtu mzima, una gunia la vitunguu, wanakuona mchuuzi, wanakuacha. Ukiwa mweusi kijana, una spika masikioni na unatikisa kichwa, kesi yako wameshaipika kabla hujashuka. Dawa za kulevya, bunduki, au umekuja kuzamia. Uchague mwenyewe.

— Lakini Kiberiti hakuwa na spika masikioni! Wembe alipandisha sauti. Alivaa shati la kola. Nimemnyoa mwenyewe jana!

Hapo wote wakatazama vikombe vyao, maana habari ya kunyolewa kila mmoja aliijua. Mwaka uliopita Kiberiti alikwenda mpakani na rasta zake zinagusa mabega. Walimshusha, wakamvua viatu, wakamwambia kama kweli wewe ni msanii, imba. Akaimba. Hawakucheka, hawakupiga makofi. Wakamwambia imba tena, na tena, mpaka sauti ikakauka, wao wamekaa tu wanamtazama. Aliporudi, Wembe alimkalisha kwenye kiti akamfyeka zile rasta, akamtoa ndevu, akamchorea njia moja ya wembe upande wa kushoto, imenyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Kijana akatoka pale anafanana na karani wa benki. Safari iliyofuata alipita bila hata kuulizwa anakwenda wapi.

Basi ikawa habari ya mjini. Kila msanii wa rap mwenye shoo ng'ambo alikuja kukaa kwenye kiti cha Wembe, akaomba Mkato wa Karani. Wengine walitoka mitaa ambayo Wembe hajawahi kufika. Alijivunia sana, asikudanganye mtu. Alikuwa akiwapigapiga begani wakimaliza na kuwaambia, nenda, kule hakuna atakayekujua.

— Nawaambieni kilichotokea, alisema Fundi Redio. Pale mpakani pana kamera inayosoma kichwa.

— Imeanza hiyo, alisema Shangazi.

— Nisikilize kwanza. Mashine haina akili, ina mazoea. Anapita wa kwanza na mkato ule, inamwandika. Anapita wa pili, inasema huyu ninaye. Wa tatu, ninaye. Kila wiki inamwona mweusi mmoja, yuleyule, anapita, anapita, na harudi.

— Kwani hawarudi?

— Wanarudi na nywele zimeota, Shangazi! Mashine inawaona ni wengine. Kwa hiyo kwenye hesabu zake kule ng'ambo wamejaa watu na wote ni mtu mmoja. Ndiyo maana Kiberiti wamemwambia ameshapita. Kwao wale, amepita kweli.

Wembe alitarajia mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa kali hata bati la kibanda lilikuwa linalia.

— Hilo la kamera silijui, alisema Mzee Breki. Mimi nakijua kile chumba.

— Wewe uliwahi kuwekwa?

— Sikuwekwa, nilipeleka viti. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla sijaachana na lori. Chumba chenyewe ni hiki kibanda cha Wembe ukiongeza nusu yake. Hakina dirisha. Nikapeleka viti, nikavipanga, chumba kikajaa. Muda si mrefu naitwa, lete viti vingine. Nafika, chumba kina nafasi. Navipanga, kinajaa. Naitwa tena. Nawaulizeni nyinyi wenye akili, sikuwahi kutumwa kutoa kiti hata kimoja. Vilikuwa vinakwenda wapi?

— Vilikuwa vinavunjika, alisema Fundi Redio.

— Mbao zake nizione basi! Mlango ni mmoja, na mimi lori langu lilikuwa mlangoni.

— Mzee, labda walivihamisha usiku.

— Labda, alijibu Mzee Breki, lakini alijibu kama mtu anayemridhisha mtoto.

Shangazi alikuwa amesimama na birika mkononi, hajamimina.

— Nyinyi mnahangaika na kamera na viti. Mimi nawauliza hao wanaorudi. Mnamkumbuka Nyundo?

Walimkumbuka, nani asingemkumbuka. Nyundo alikuwa akichana rap hapo hapo benchini, anapiga ngoma kwenye ubao mpaka kahawa zinamwagika. Alikwenda ng'ambo na Mkato wa Karani, akachelewa kurudi, na siku hizi alikuwa akiuza vocha za simu karibu na kituo.

— Juzi nilimwambia, mwanangu, hebu niimbie ule wimbo wako wa mwenye nyumba. Akaniangalia. Akasema, wimbo gani, mama? Nikajua ananitania. Nikauanza mwenyewe, mstari wa kwanza, wa pili, kwani si aliutungia hapa hapa tunamsikia? Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia ni mzuri. Akaniuliza ni wa nani.

— Ah! alisema Fundi Redio.

— Nakuapia. Na kahawa! Nyundo ninayemjua mimi alikuwa anatia sukari mpaka kijiko kinasimama. Huyu anakunywa chungu, anasema asante, anarudisha kikombe kwa mikono miwili. Yule si Nyundo. Nyundo wamebaki naye. Sisi wametuletea mtu aliyenyolewa kama Nyundo.

— Shangazi, sasa hapo umepitiliza.

— Nimepitiliza wapi? Hata mama yake humwita mara tatu ndipo anageuka.

— Basi jamani! Wembe alisimama, benchi likayumba, na safari hii hakuna aliyelalamika kahawa. Yule ni mdogo wangu mnayemzungumzia! Mama ananipigia simu kila mara, anauliza mtoto amefika? Nimemwambia mtandao wa kule mbovu. Nitamdanganya mpaka lini? Naogopa, mnanielewa? Naogopa kama sijawahi kuogopa. Nipeni la kufanya, msinipe hadithi.

Fundi Redio akakuna shingo.

— Wembe, usinielewe vibaya. Nakuuliza tu. Zamani pale walikuwa wanatafuta rasta na cheni, si ndiyo?

— Ndiyo.

— Na sasa hivi wanatafuta nini?

Wembe alijua. Alikuwa amejua tangu asubuhi ila hakutaka wazo hilo limkalie. Sasa walikuwa wanamtafuta kijana mweusi msafi, asiye na ndevu, mwenye njia moja ya wembe upande wa kushoto. Alama ya kuwashikia, yeye Wembe ndiye aliyeichora, kichwa baada ya kichwa, na kila mmoja akampiga begani. Akakaa.

Basi la kutoka mpakani likaingia konani na vumbi lake. Lilipogeuza, akashuka mama mmoja mwenye furushi la mitumba, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona pale. Aliliacha furushi mlangoni mwa basi, akaja moja kwa moja kwenye benchi, akainama kutazama miguu ya benchi.

— Ndilo hili, alisema. Hamjambo? Kinyozi ni nani hapa?

— Ni mimi, mama. Shikamoo.

— Marahaba, baba. Nimetumwa kwako. Afisa wa pale mpakani.

— Afisa ananijua mimi?

— Jina hakutaja. Ameniambia, basi likigeuza shuka, utaona benchi lenye mguu mfupi, muulize kinyozi.

Mzee Breki aliuvuta mguu wake kutoka chini ya benchi taratibu.

— Mdogo wangu yuko hai? Wembe aliuliza. Umemwona?

— Nimepita tu na mzigo wangu, sijamwona mtu. Ameniita dirishani, ameiweka picha hii kwenye simu yangu. Amesema pale chumbani wamechoka, vijana wote ni mmoja, mashine inakataa kuwatenganisha. Akasema kinyozi ndiye atakayejua. Ukimwonyesha ndugu yako, anamwachia jioni hii hii. Huyo mmoja tu. Jibu nimpe kwa simu kabla sijafika niendako.

— Na wengine?

— Wengine hakunieleza, baba.

Alimpa simu. Wote wakasogea, vichwa vikagongana. Ilikuwa picha ya chumba kisicho na dirisha. Vijana walikuwa wamekaa kwenye viti, safu nyuma ya safu, wameutazama ukuta, na aliyepiga picha alisimama nyuma yao. Nyuso hazikuonekana. Vilionekana visogo, masikio na kola za mashati.

— Mbona wamewapiga picha kwa nyuma? alinong'ona Shangazi.

— Nami nimeuliza. Amesema uso hausaidii kitu, wote wanafanana.

Wembe aliikuza picha kwa vidole. Akapita safu ya kwanza, ya pili. Kiberiti utotoni alianguka kutoka juu ya tangi la maji, akapasuka kichwa upande wa kushoto, likabaki kovu refu. Kwa kovu hilo angemjua popote, hata gizani kwa kupapasa. Lakini siku ile alipozifyeka rasta, ile njia ya wembe aliipitisha juu ya kovu hilohilo, alifiche, mdogo wake asiwe na alama ya kumtambulisha. Ikapendeza, na walipokuja wengine akawapitishia wote palepale, kwa urefu uleule. Sasa kila kichwa kwenye picha kilikuwa na kovu la mdogo wake.

Akaweka kidole kwenye kichwa kimoja. Akakiondoa. Akakiweka kwenye kingine.

— Angalia masikio, alisema Fundi Redio.

— Nimeangalia.

— Mabega basi, baba, mabega, alisema Shangazi.

Dereva wa basi akapiga honi. Yule mama aligeuka akampungia mkono asubiri, kisha akamtazama Wembe usoni, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

— Samahani, baba, alisema. Umemnyoa mwenyewe, kwa mkono wako, halafu humjui?

Honi ikalia tena, na Wembe alikuwa bado ameinamia simu.