Daktari Wangechi na Salamu Iliyobaki Bila Jibu

Wasifu wa marehemu Daktari Mary Ann Wangechi Wamalwa (1979–2025), umesomwa na mdogo wake, Munene Kabiru, Lwakhakha, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025

Waombolezaji wapendwa, ndugu, majirani, na ninyi mlioacha mahindi shambani msimu huu wa kuvuna mkaja kusimama nasi, ahsanteni. Mimi ni kitindamimba wa nyumba yetu. Nimepewa kazi hii kwa sababu wakubwa wangu walijaribu kusoma jana mbele ya mama, wakashindwa kumaliza ukurasa wa kwanza. Nikinyamaza mahali, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa mjini Kitale tarehe 14 Aprili 1979, siku moja kabla ya Pasaka. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Kabiru Muchiri na Mama Gathoni, waliotoka Nyeri wakaja kulima mahindi eneo la Kwanza, karibu na Kitale, na wakageuka kabisa watu wa Kwanza. Tangu utotoni alipenda kusikiliza kuliko kusema. Ng'ombe akiwa na mimba, Wangechi alikuwa anaingia zizini na kumwekea sikio ubavuni, akitaka kujua kama ndama yuko hai. Baba alimfukuza mara nyingi, kisha akija mnunuzi anamwita: "Hebu Wangechi akuje atuambie."

Mwaka wa 1988, akiwa na miaka tisa, aliumwa koo. Wiki chache baadaye magoti yakavimba, maumivu yakahamia vifundo vya miguu, kisha viwiko. Mama alimkanda kwa maji ya moto na kumpa maziwa, na kufikia mavuno alikuwa anakimbia tena. Tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ule wa koo ulikuwa umepita ndani na kuuma moyo. Siku zile koo la mtoto lilitibiwa kwa chumvi na maji ya uvuguvugu, basi. Mama, nimeliandika hili makusudi ulisikie mbele ya watu wote, kwa sababu Wangechi alikwambia mara nyingi nawe hukutaka kumwamini: hukukosea.

Alisoma shule ya msingi Kwanza, kisha sekondari ya wasichana mjini Kitale hadi 1997, akapata nafasi ya kusomea udaktari Eldoret mwaka wa 1999. Ni huko alikojijua. Wanafunzi walikuwa wanajifunza kusikiliza vifua vyao wenyewe kwa wenyewe. Mwenzake aitwaye Kipkorir aliweka stethoskopu kifuani pake, akaiondoa, akairudisha. Akasema, "Wangechi, si ujisikize mwenyewe kwanza." Alijisikiliza. Alisikia damu ikirudi nyuma mahali isipopaswa kurudi. Alituambia baadaye kwamba hakulia siku ile. Aliwaza tu: ni watoto wangapi wa Kwanza wanatembea na sauti hii, na hakuna sikio lililowahi kuwakaribia?

Alihitimu mwaka wa 2005. Mwaka uliofuata alipasuliwa Nairobi, akawekewa vali ya chuma, yaani mlango wa damu, moyoni. Kuanzia siku hiyo ukikaa karibu naye mahali pa kimya unasikia ikigonga, tik, tik, kama saa ya ukutani. Daktari wake alimpa amri mbili: ameze dawa kila siku maisha yake yote, na asizae. Alitii ya kwanza.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na Bwana Wamalwa Wepukhulu, mwalimu wa umeme na elektroniki katika chuo cha ufundi Kitale, mtoto wa boma hili tulimokaa. Wengi mnaukumbuka mwanzo wa mwaka ule, ghasia za baada ya uchaguzi, makabila yalipogeukiana. Familia yetu ililala wiki kadhaa katika ua wa kanisa, na kuna watu waliotushauri tuvunje uchumba. Mzee Wepukhulu, baba yake Wamalwa, alituma gari la mahindi na maharagwe na ujumbe mmoja: "Mkwe wangu hawezi kulala njaa." Baba yangu alikuwa mtu mgumu, lakini siku ile alizunguka nyuma ya kanisa akakaa huko peke yake. Mwaka wa 2011 akazaliwa Gathoni Naliaka, mtoto wao wa pekee, ambaye alilala miaka yake ya kwanza kwa mdundo wa ile vali. Alikuwa akiamka usiku anauliza, "Mama, saa yako iko?"

Sasa nifike kwenye kazi yake. Magazeti yaliandika kwamba ilianzia kwenye maabara. Ilianzia jikoni, hapo nyuma yenu.

Mwaka wa 2014 Mzee Wepukhulu alianza kukosa pumzi. Miguu ilivimba, na alikuwa akilala ameketi kitini. Akiambiwa aende hospitali anajibu, "Daktari iko kwa boma yangu, niende kutafuta nani huko?" Na kweli daktari, tena aliyekuwa amebobea katika moyo, alikuwa hapa, jikoni, akimpikia uji. Lakini wageni waelewe: kwa Wabukusu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, na mzee hawezi kuvua shati mbele ya mkwe wake. Basi mtu pekee aliyeweza kuujua ugonjwa wake ndiye mtu pekee asiyeweza kumwekea mkono kifuani.

Tulimwambia avunje mila, mgonjwa hachagui. Mimi mwenyewe nilipiga kelele kwenye simu. Akanijibu kwa ule upole wake unaoudhi: "Munene, nikimvunjia heshima nitamtibu mara moja tu. Hatarudi tena kwangu. Nataka anirudie miaka."

Yeye na Wamalwa wakachukua kichwa cha stethoskopu, wakakifungia kipaza sauti kidogo, wakaunganisha na simu. Wakamwita Arafa, muuguzi rafiki yake kutoka Kitale. Arafa aliingia sebuleni kwa Mzee, Wangechi akabaki jikoni na simu ya pili, amevaa waya masikioni. Mzee alikitazama kile kidude kwa muda mrefu.

"Hii kitu, mkwe yangu iko upande ile ingine?"

"Ndiyo, Mzee. Anakuskia."

Mzee akakichukua mkononi mwa Arafa kabla hakijafika kifuani, akakisogeza mdomoni, akatoa salamu ya Kibukusu, yaani amani, kwa sauti ile aliyoitumia miaka yote kuita ng'ombe: "Mulembe!"

Jikoni sufuria ya chai ilimwagika. Wangechi akavuta waya masikioni, akaitikia kupitia ukutani, "Mulembe, papa!" Ndipo Mzee akafungua vifungo vya shati, akamwambia Arafa aendelee, maana sasa wamesalimiana.

Wangechi aliusikia moyo wa baba mkwe wake akiwa amesimama kando ya jiko. Alijua siku ile ile kinachouchosha, akaandika dawa, na ndani ya mwezi Mzee alikuwa analala kitandani tena. Ameishi miaka kumi na moja tangu hapo. Yuko nasi, ana miaka themanini na saba.

Kutoka hapo ulikua mradi mlioujua kwa jina la Sikio. Wangechi aliuongoza kwa miaka kumi: mwanzoni dispensari za Endebess na Kwanza, kisha Lwakhakha na vituo vingine vya Bungoma. Muuguzi anaweka kidude kifuani pa mtoto wa shule, sauti inafika Kitale, daktari anasikiliza. Baadaye wahandisi wake waliifundisha kompyuta kuitambua ile sauti ya damu inayorudi nyuma, ili hata palipo na muuguzi mmoja na foleni ndefu, mashine iseme: huyu, msikilize tena. Hakuiruhusu iseme zaidi ya hapo. Alikuwa mkali kazini, wenzake watawaambia. Vijana waliomletea michoro mizuri kwenye skrini aliwapeleka kwanza Endebess wakakae siku nzima kwenye benchi la wagonjwa.

Na kulikuwa na sheria moja aliyokataa kuiondoa. Kabla ya kifua, salamu. Mgonjwa anakisogeza kidude mdomoni, anamsalimia daktari wa upande wa pili, na daktari lazima aitikie. Wataalamu waliokuja kutoka mbali walimwambia hatua hiyo inapoteza muda. Aliwajibu, "Mtu ambaye hajasalimiwa, moyo wake unakimbia. Mtapima hofu mdhani ni ugonjwa." Waliofanya kazi naye wanajua kosa ambalo hakulisamehe. Kuchelewa alisamehe, na hata kuvunja vifaa alisamehe. Kuacha salamu ya mgonjwa bila jibu, hilo hapana.

Kwa njia hiyo watoto wengi walipatikana mapema, wakapewa sindano zao za kila mwezi kabla moyo haujaharibika kama wake. Mmoja ni Chepkosgei wa Endebess, aliyesikika akiwa darasa la pili. Sasa yuko kidato cha tatu, na ndiye aliyebeba shada la maua leo asubuhi. Hana kovu kifuani. Wangechi alipenda sana kulisema hilo.

Mwezi Machi mwaka huu vali ilianza kumsumbua. Damu iliganda juu yake. Alilazwa Eldoret mara mbili, na madaktari walisema moyo umechoka mno, hauwezi kupasuliwa tena. Aliomba arudishwe Kitale karibu na mwanawe. Ugonjwa haukumbadilisha sana. Alikuwa akiuliza habari za betri za kituo cha Kwanza huku anaongezewa hewa.

Jumatano tarehe 8 Oktoba Mzee Wepukhulu alifunga safari kutoka hapa, akaja Kitale na koti lake jeusi na kofia. Alipofika mlangoni pa wodi alisimama. Nilimwambia, "Ingia, Mzee." Akasema, "Siwezi ingia mahali mkwe yangu amelala." Akaketi kwenye benchi la nje, mgongo umegusa ukuta wa chumba, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha Wangechi.

Wangechi aliambiwa. Alimwangalia Arafa tu. Arafa akaelewa. Alitoa kidude cha Sikio, akampa Wangechi mkononi, akatuletea simu ya pili nje na kumvalisha Mzee waya masikioni. Niliangalia uso wa Mzee. Nilidhani atasikia ile tik, tik, na nikaogopa itamwumiza. Lakini mlango ulikuwa wazi na mimi niliona alichofanya dada yangu. Hakukiweka kifuani kwanza. Alikiinua mdomoni kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja ulikuwa hautoshi, akasema kwa ile pumzi iliyobaki, "Mulembe, papa."

Kisha akakishusha kifuani.

Mzee alisimama. Alivua kofia. Alisikiliza amesimama hivyo hadi Arafa akaogopa ataanguka. Midomo yake ilikuwa inatembea lakini sauti haikutoka. Arafa akamwambia taratibu, "Mzee, hiyo yako haipeleki sauti. Muitikie tu, mlango uko wazi, atakuskia." Akatikisa kichwa. Akajaribu tena. Machozi yakamzuia, na mzee wa umri wake hakutaka mkwe wake ayasikie. Akanishika mkono, akasema, "Twende, Munene. Nitamjibu kesho asubuhi."

Alilala kwangu Kitale. Alfajiri aliomba maji ya moto, akanyoa ndevu, akavaa lile koti. Tulikuwa tunakunywa chai, naye alikuwa ananong'ona lile neno moja ndani ya kikombe, ananong'ona na kukohoa, kama mtoto anayejifunza kukariri. Simu yangu ikalia. Alikuwa Arafa. Dada yangu alifariki asubuhi hiyo, Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, akiwa na miaka arobaini na sita, mume wake na binti yake wakiwa kando yake. Naliaka anasema alijua kabla ya mashine kulia, kwa sababu saa ilinyamaza.

Marehemu ameacha mume, Bwana Wamalwa. Binti, Gathoni Naliaka. Mama mzazi, Mama Gathoni. Baba mkwe, Mzee Wepukhulu. Ndugu wanne tuliobaki, na wajomba, shangazi, mabinamu na mashemeji wengi. Ameacha Arafa, ambaye hayumo katika ukoo wetu kwa damu, na atakayemwondoa kwenye orodha hii atakuwa na kesi na mimi. Ameacha watoto wa Endebess, Kwanza na Lwakhakha ambao mioyo yao inapiga vizuri na wengi wao hawajui jina lake.

Sina cha kuongeza. Mmeona kwamba Mzee hakupita mbele ya jeneza tulipokuwa tunaaga. Mila haimruhusu, na Wangechi asingetaka avunje. Ameketi pale penye ukuta wa jikoni, mahali aliposimama mkwe wake mwaka ule. Ameomba jambo moja, familia imekubali, nasi tumelichapisha kwenye programu ili pasiwe na mtu atakayelikata kwa wimbo au kwa hotuba.

Tunaomba wote mnyamaze. Wenye simu mzizime. Waliobeba jeneza wangoje.

Mzee, asubuhi imefika. Anakusikia. Mjibu mtoto wako, ndipo tumshushe apumzike kwa amani.