Viti Viwili, Mguu Mmoja

Punguzeni sauti ya redio, wanangu, lakini msiizime. Hata tukifungwa nataka kusikia tunafungwa vipi. Sogea, Noreen. Nawe Russell keti, acha kusimama mlangoni kama mgeni.

Nimechoka. Timu yetu ya besiboli imenichosha kuliko kiwanda cha chuma. Tangu babu yenu aniingize amenibeba begani katika ule uwanja wa zamani kando ya ziwa, kombe sijaliona; nimeona mvua, nimeona mipira ikipita katikati ya miguu ya watu wazima wanaolipwa kuidaka, na kila vuli nimerudi nyumbani nikisema mwakani, mwakani, hata mama yenu Bernadine, Mungu amrehemu, akawa ananiuliza, "Hiyo mwakani yako inatambaa, mbona haifiki?" Na baridi ikiisha, wa kwanza kutafuta kofia ni yeye.

Sasa nisikilizeni. Nyumba uzeni, mgawane sawa, hilo halina maneno. Lenye maneno ni vile viti viwili vya barazani vilivyoungana, tulivyong'oa mimi na mama yenu walipoubomoa uwanja wakafanya maegesho ya magari. Nimewasikia jikoni, nakufa, si kiziwi. Russell, ulisema utaleta msumeno, kila mtu achukue chake. Noreen ukamjibu msaliti hana kiti, eti kwa kuwa alihamia Detroit akavaa kofia ya mahasimu wetu. Aibu iliyoje! Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ningekwenda, lakini nguvu ya kulima sina tena.

Viti vile vina mguu mmoja wa chuma katikati. Ukateni, vyote viwili vitaanguka. Kupendana siwezi kuwalazimisha, ila hili naliusia: vikae kwa Noreen, na kila msimu ukifunguliwa Russell aje akae upande wa mama yake, na kofia yake hiyo mbaya. Mzomee, Noreen, ruhusa unayo. Lakini asiinuke mtu kabla mchezaji wa mwisho hajatolewa. Kwetu hatuondoki mapema kwa sababu tunafungwa.

Nipeni maji... Raundi ya tisa, ya mwisho? Tumeachwa pointi tano? Ndio sisi hao.

Noreen, mbona umeigeuza kofia, ndani nje? Hee, mama! Hivyo huvaliwa timu ikiwa nyuma, ikiombewa ifufuke. Mimi sifufuki, mwanangu... nimeridhika. Usilie. Na wewe, Russell? Hata hiyo ya Detroit umeigeuza, kwa ajili yangu?

Njooni karibu, macho hayaoni vizuri. Kumbe zikigeuzwa hazina nembo. Siwezi kusema... ipi ya nani.

Basi ziacheni hivyo hivyo. Mungu awape... awape subira aliyonipa mimi, na ushindi mmoja, mmoja tu, mkiwa mmekaa pamoja. Ongezeni redio kidogo. Nani anapiga sasa?