Bi Makombo na Sahani Zilizorudi Jikoni

Marehemu, ambaye wengi walimfahamu kwa jina la Bi Makombo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi viatu. Kaka yake ameomba kazi ya dada yake isitajwe hapa, kwa kuwa ilihusu mvinyo na haya ni maziko. Mdogo wake, anayesoma wasifu huu, anamheshimu kaka. Hata hivyo, itatajwa.

Alianza shule mwaka 1965. Akiwa darasa la sita alisimamishwa kwenye kona siku nzima kwa kukataa kufuta jibu la hesabu. Wiki iliyofuata mwalimu aligundua kuwa jibu lilikuwa sahihi, akamwita tena, akamwambia achukue kiti akae mbele. Akasema, "Asante, mwalimu. Nimeshazoea kusimama."

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa kuosha vyombo katika hoteli ya karibu na stesheni. Mkuu wa ukumbi wa chakula, ambaye tunaye leo safu ya pili, alikuwa na amri moja: jibini yoyote iendayo mezani iende na mvinyo mwekundu. Dada huyu hakuwa ameonja mvinyo hata tone, lakini sahani zote zilipita mikononi mwake. Akaona kwamba jibini ngumu, iliyokaa sana, ikienda na mwekundu hurudi ganda tupu. Ile laini ya mbuzi ilirudi nusu. Mgeni mkaidi akiagiza mweupe, sahani ya mbuzi ilirudi safi. Akanunua daftari akaanza kuandika, sahani kwa sahani, na wahudumu wakambandika jina la Makombo. Alilipokea kama cheo.

Mwaka 1985 alimpelekea mkuu daftari.

"Wewe kazi yako kuosha," mkuu alimwambia.

"Naosha, mzee. Na macho je, niyafumbe?"

Kwa jibu hilo alihamishiwa kufua mashuka miaka mitatu. Alifua, na kila mchana alipitia jikoni kutazama sahani. Mmiliki mpya alipokuja mwaka 1988 alilisoma daftari lote, akampa kazi ya kuchagua mivinyo, naye dada akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2016. Mkuu hakukubali hata siku moja.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi umeme wa hoteli, mtu ambaye kinywaji chake kikali ni chai. Siku ya posa fundi alimtania: chai yake ainywe na jibini gani? Alijibiwa papo hapo, ngumu yenye chumvi, na anainywa hivyo mpaka leo.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Matibabu yalimwondolea ladha yote, na hilo lilimuuma kuliko sindano, alilia, tusifiche. Tarehe 13 Juni mkuu alikuja kumjulia hali na chupa ya mvinyo mwekundu na kipande cha jibini ya mbuzi.

"Tumalize ubishi," alisema.

"Ulimi wangu umekwenda, mzee. Kula wewe, mimi nitatazama."

Mkuu alikula, akanywa, akasifu kwa kirefu. Aliponyanyuka kuaga, mgonjwa alimwonyesha sahani.

"Umebakiza."

Mkuu aliitazama sahani, akaketi tena. Bi Makombo aliomba daftari lake akaandika mstari mmoja: *Mkuu wa ukumbi, mbuzi na mwekundu, nusu.* Alifariki kesho yake asubuhi, nyumbani kwake, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yake na mdogo wake. Daftari liko mezani karibu na jeneza. Mwenye shaka alifungue, kalamu abaki nayo mfukoni.

Apumzike kwa amani, na jibu lake lisifutwe.