Mama Sunema Vaisiga, Aliyeota Nyimbo za Motufala

Mama Sunema Vaisiga alizaliwa hapa kisiwani Motufala tarehe 9 Machi 1950, mtoto wa pili wa Mzee Vaisiga na Mama Pelata wa Upande wa Ziwa, katika nyumba iliyokuwa pale lilipo tangi la maji sasa. Kaka yake, Lotomau, alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili. Utotoni walilala mchana kwenye mkeka mmoja, nyumba haina kuta, upepo unaingia kutoka baharini na kutokea ziwani. Walipopevuka walitenganishwa kama desturi inavyotaka. Kaka na dada hawakai tena chini ya paa moja, hawataniani, na dada hautaji mwili wa kaka yake wala nguo zake, hata kwa mzaha.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1957. Wenzake wanakumbuka jinsi mwalimu alivyokuwa akimsimamia na fimbo.

"Sunema! Umelala tena?"

"Hapana, mwalimu. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini, na mimi nimenyamaza?"

Hakuendelea na masomo, kwa kuwa shule ya juu ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa meli na mama yake alimhitaji kwenye mashimo ya kulimia magimbi. Huko alifanya kazi maisha yake yote, na mikeka yake ya majani ya mkadi mnaikalia wengi wenu hivi sasa.

Lakini tusidanganyane, sifa yake ilikuwa nyimbo. Wengine hutunga, yeye aliota. Baada ya kula, jua likiwa utosini na kisiwa kizima kimenyamaza, alijinyoosha kidogo, na alipoamka wimbo ulikuwa mdomoni tayari, maneno na sauti yake. Hapo mumewe alituzuia tusimsalimie. "Msimsemeshe," alinong'ona, "bado hajautoa wote."

Mume huyo, marehemu Kelemene, alifunga naye ndoa tarehe 12 Juni 1971. Alikuwa mtu wa Upande wa Bahari, na mke huimba upande wa mumewe. Kwa hiyo kila sikukuu, pande mbili za kisiwa zikishindana kwa nyimbo, Mama Sunema aliketi mbele ndani ya jumba la mikutano akiongoza nyimbo za kuwachokoza ndugu zake mwenyewe, na Lotomau akamjibu kutoka ng'ambo ya jumba kwa kupiga kwa viganja lile sanduku la mbao ambalo kwetu ndilo ngoma mpaka mbao zikalia. Watu wanasema hakujawa na mashindano matamu kama yale.

Yalikoma Novemba 1988, tulipofungua kanisa jipya na wageni wa visiwa jirani wamejaa. Juma lile Lotomau alikuwa amerudi kutoka kuvua jodari na ngalawa imeshiba, akasimama wima ili aonekane vizuri na watu wa ufukweni. Wimbi moja tu likamtupa majini. Yeye alifika nchi kavu upande huu, kaptula yake ikafika upande ule. Kisiwa kilicheka kimyakimya, kwa adabu. Siku ya sikukuu Mama Sunema alisimama, macho bado mazito ya usingizi wa mchana, akaanzisha wimbo wa kaptula iliyokwenda kuvua peke yake. Upande wa Bahari ulilipuka kwa vicheko, wageni wakajipiga mapaja. Lotomau aliondoa mikono yake kwenye sanduku, akatoka nje.

"Nimefanya nini?" aliuliza Mama Sunema.

"Umeimba kaptula ya kaka yako," alisema Kelemene.

"Mimi? Mimi nimeota tu!"

"Basi ungeamka, mke wangu."

Wimbo ule ulikuwa mzuri mno, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Kufikia Krismasi ulikuwa umeondoka na wageni, ukaimbwa na watoto wa visiwa vitatu. Mama Sunema aliomba usiimbwe, wapi! Alijifunika mkeka kichwani, akaketi mbele ya nyumba ya kaka yake tangu asubuhi, kama aombaye radhi anavyofanya kwetu. Lotomau alipitia nyuma, akasukuma ngalawa, akaenda kuvua. Tangu siku hiyo hakumpa neno. Samaki alimpa, kwa sababu kaka hamwachi dada yake na njaa. Alimtundikia penye nguzo ya nyumba, mgongo umegeuka, naye Mama Sunema akamsukia mikeka ya kulalia na kuipitisha kwa wifi yake. Aliendelea kuota nyimbo, na zilikuwa nzuri, lakini kila alipoziimba alitazama kwanza ng'ambo. Iliumiza kumwona.

Alianza kuugua kisukari mwaka 2015. Februari mwaka huu wa 2023 mguu uliharibika, na nesi akataka apelekwe hospitali ng'ambo ya bahari.

"Meli inaondoka kesho, mama."

"Iondoke. Kuna mtu namngoja hapa."

"Nani?"

"Anajijua."

Hakuogopa kufa. Aliogopa kufa amenuniwa. Tarehe 15 Aprili, mchana, Lotomau alitundika samaki kama kawaida, lakini hakuondoka. Binti yake Meleane, anayesoma wasifu huu, alikuwa akimpepea shangazi yake, akasikia kila kitu.

"Dada," alisema, mgongo bado umegeuka. "Ule wimbo wako una kosa."

Mama Sunema alifumbua macho. "Wapi, kaka?"

"Umesema kaptula nyekundu. Ilikuwa ya buluu."

"Mimi niliota nyekundu."

"Basi uliota vibaya! Miaka yote hii nadhalilishwa kwa kaptula isiyokuwa yangu."

Mama Sunema alicheka mpaka akakohoa. Lotomau aliinama, akapita chini ya paa, akaketi kwenye mkeka wake. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha desturi.

Hakutoka tena. Mama Sunema alifariki Jumanne tarehe 18 Aprili 2023, katika usingizi wa mchana, midomo ikicheza kidogo. Kaka yake alikuwa ametega sikio. Alichosikia hajatuambia.

Kwa kawaida yetu, tukiwataja walioachwa na marehemu, hutajwa watoto kwanza. Jana Mzee Lotomau aliichukua karatasi hii, akaisoma mpaka mwisho, akasema, "Niandikeni mimi kwanza. Nilimnyima sauti yangu, na sasa nina maneno mengi sina wa kumwambia." Basi tumeandika alivyotaka.

Mama Sunema ameacha kaka, Lotomau. Ameacha watoto wake, Filiga, Sulata na Tavita, wajukuu kumi na mmoja, wifi yake, na Meleane mpwa wake. Alale kwa amani, na akiota, aimbe tu. Hakuna anayemkasirikia tena.