Adamu Msabaha na Mikoko ya Mbweleni

Marehemu Adamu Msabaha alizaliwa Kiwangwa tarehe 14 Februari 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Msabaha Kulwa, mkulima wa mihogo, na Bi Mgeni. Alisoma shule ya misheni, Bagamoyo, kuanzia 1965 hadi 1971. Huko alijifunza bustani na Kiingereza, na vyote viwili vilimfaa kuliko walivyotazamia walimu wake.

Mwaka 1974 alihamia kijiji cha Mbweleni, akaishi kwa kukata boriti za mikoko. Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa ya serikali na Bi Mwanamvua Haidar. Kila mmoja alibaki na dini yake, na nyumba yao ilipika sikukuu zote.

Boriti zilipoadimika na kamba, wale wa kuliwa, kutoweka, marehemu aliweka shoka chini. Mwaka 2003 alianza kuwatembeza watalii kwa mtumbwi horini, kwenye mkono wa bahari unaoingia mikokoni, kila mgeni akipanda mche mmoja wa mkoko. Msimu wa kwanza walipanda mikandaa, aina moja ya mikoko, ukingoni mwa bahari. Mawimbi yakaing'oa yote. Bi Swaumu, mwokota chaza, alimwambia mbele ya wageni:

"Shemeji, umeikata miti hii miaka yote, hukuona inapokaa? Mkandaa hukaa nyuma. Mbele panda mlilana."

"Nilikuwa natazama unene tu, shemeji."

Tangu hapo Bi Swaumu ndiye aliyeelekeza upandaji. Akina mama walipata wageni wa kuwapikia, kijiji kikachimba kisima kwa malipo ya wageni, na kamba wakarudi.

Juni 2022 marehemu alianza kuugua figo. Mwaka huohuo mwekezaji aliomba mikoko ikatwe, yachimbwe mabwawa ya chumvi. Kijiji kiligawanyika, kwani vijana waliahidiwa ajira. Marehemu aliomba jambo moja: watu waingie kwanza horini maji yakiwa yamekupwa, ndipo wapige kura. Tarehe 4 Machi 2023 Bi Swaumu aliwaongoza matopeni, akawaonyesha kamba wachanga kwenye mizizi ya mikoko, kisha ombi la mwekezaji likakataliwa kwa tofauti ya kura nane. Bi Swaumu alimpelekea marehemu habari hospitalini.

"Walioshindwa msiwacheke," alisema marehemu. "Wanataka kazi. Wapeni wao mitumbwi ya wageni."

Wakapewa. Marehemu alifariki dunia tarehe 19 Agosti 2023, na wanne kati ya vijana hao ndio wanaolibeba jeneza lake leo.

Ameacha mjane, Bi Mwanamvua. Watoto watatu, Najma, Muzammil na Ummy. Na wajukuu saba. Mwenyezi Mungu amjalie pumziko la amani.